Mume wangu hatunyimi kitu, lakini malezi ya mtoto wetu mwenye ulemavu ni yangu peke yangu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 6, ana mtindio wa ubongo, kwani alipozaliwa alichelewa kulia na ubongo wake ukakosa hewa. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, na mlo mmoja huchukua karibu saa nzima kwa sababu ni lazima alishwe akiwa wima, kijiko kidogo kidogo, asije akapaliwa.

Mume wangu hakutukimbia, nami namshukuru kwa hilo, maana kliniki ya mazoezi nimekutana na wenzangu walioachwa kwa maneno kwamba ukoo wa mume haujapata kuwa na mtoto wa namna hiyo. Hutoa nauli ya bajaji na fedha za dawa za kifafa bila kunung'unika. Lakini hambebi mtoto, hamlishi, na wageni wakija huniomba nikae naye chumbani. Mawifi zangu hunipa pole, kisha huaga kabla ya saa ya kumwogesha. Kikoba cha mtaa nimejitoa kwa kukosa wa kumwachia mtoto wakati wa vikao, na tangu hapo hata habari za misiba hunifikia watu wakiwa wamekwisha kuzika.

Mgongo unaniuma, lakini kinachonitia hofu zaidi ni kwamba siku hizi mimi hulia bila sababu, hukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na nimeanza kuwafokea kaka zake wasio na kosa.

Mtaalamu wa mazoezi amenieleza kuwa kumnyoosha viungo na kumkalisha ni kazi ambayo baba au shangazi anaweza kufundishwa. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa ndugu wajibu wa kumtunza, ingawa sipendi kuzungumza na mume wangu kwa vifungu vya sheria. Kila nikigusia jambo hili hunijibu, "Nimekunyima nini?", nami hunyamaza, kwa kuwa kweli hajaninyima fedha.

Je, ni busara nimwombe mshenga wetu, ambaye mume wangu humsikiliza, azungumze naye, au itaonekana nimemshitaki? Na nifanyeje ili mawifi wakubali kukaa na mtoto walau mchana mmoja kwa wiki, bila kusemwa kwamba nimemchoka mwanangu? Akina mama mliopita njia hii, naomba mnieleze mlianzia wapi.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala