Glavu haitakuokoa na patasi butu

Wiki jana aliingia dukani kijana mmoja mchonga vinyago wa Magongo, hapa Mombasa, mkono wa kushoto umezongwa bandeji, wa kulia umeshika glavu ya kijivu. Akaitandaza juu ya kaunta. "Mzee, si uliniambia hii haikatiki?"

Nilimwambia, ni kweli. Nikaigeuza. Chini kidogo ya kidole gumba palikuwa na tundu lisilozidi punje ya mchele. Nyuzi hazikuchanika, zilisukumwa kando tu, kama sindano inavyopita kwenye kitambaa cha kofia. Ncha ya patasi ndogo ilipenya katikati yake ikazama nyamani. Alishonwa nyuzi tano.

Kosa ni langu, maana nilimuuzia glavu na nusu ya maelezo. Hii hapa nusu ya pili, kwake yeye na kwa kila fundi aliyenunua kwetu.

Glavu hizi hufumwa kwa nyuzi ngumu, nyingine za Kevlar, nyingine za plastiki maalumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo au chuma. Kazi yake ni kuzuia makali yanayoteleza juu ya ngozi, kama kisu kikikupitia kwa ubavu. Ncha inayokujia moja kwa moja, ikisukumwa na uzito wa bega lako mwenyewe, hiyo ni habari nyingine. Tazama mgongoni mwa glavu. Ukiona alama ya EN 388, chini yake kuna tarakimu nne na herufi. Tarakimu ya kwanza ni ya kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. Herufi inayofuata, A hadi F, ni kipimo kingine cha kukatwa, na F ndiyo ya juu. Wateja wengi huuliza herufi tu. Wewe mchongaji uliza na ile tarakimu ya nne, na hata ukiambiwa ni 4, ujue kipimo hicho hufanywa kwa kijiti cha chuma chenye ncha ya mviringo. Patasi yako imenolewa.

Glavu huvaliwa mkono unaoshika mti. Mkono wa chombo mimi napendelea uwe wazi, kwa sababu kwa joto letu la Februari jasho hujaa ndani na mpini huanza kuteleza. Chukua saizi inayobana. Kitambaa kikizidi kwenye ncha za vidole, utakuwa unashika hewa. Kwa kisu unachokivuta kuelekea kidole gumba, kipande cha ngozi ya kiatu kuukuu, kikishonwa kama kofia ya kidole, kinafaa kuliko glavu nyingi ninazouza.

Na kwenye kerezo, drili ya meza au mashine yoyote inayozunguka, ivue kabisa. Ikinaswa, itavuta mkono mzima kabla hujaifikia swichi.

Sasa tuje kwenye lililomjeruhi yule kijana. Alikuwa ameshika twiga wa mpingo kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukisukuma patasi kuelekea huko huko. Wengi tulifundishwa hivyo, tumekaa chini, kazi iko mkononi au katikati ya nyayo. Lakini mti ukishikwa na jiriwa, yaani kibanio cha chuma kinachofungwa mezani, mikono miwili inakuwa ya patasi: mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye chuma ukiongoza, yote nyuma ya makali. Kazi ndogo isiyokaa kwenye jiriwa, ifunge juu ya kipande cha ubao kwa skrubu kutoka chini kwenye kitako chake, ubane ubao badala ya kinyago. Au ilaze juu ya mfuko wa turubai uliojazwa mchanga.

Nilimwomba aniletee na patasi yenyewe. Kesho yake akaja nayo. Nikaielekeza dirishani, makali juu, na pale ukingoni pakaonekana mstari mweupe unaong'aa kutoka pembe hadi pembe. Makali yaliyonolewa vizuri hayarudishi mwanga, kwa kuwa hayana upana wa kuupokea. Ukiuona ule mstari, patasi ni butu, hata kama inakwaruza kucha.

Patasi butu hudai nguvu. Unasukuma, haiendi. Unaongeza bega, haiendi. Halafu mti unaachia ghafla, na chuma kinaruka na nguvu yote uliyokwisha kuikusanya. Kwenye mpingo, mti mzito hata majini unazama, hatari hiyo ni maradufu. Kwa mwembe au mkorosho tunanoa makali kwa pembe ya digrii 25 hivi. Kwa mpingo tunapanda hadi 30 au zaidi, kwani makali membamba humeguka. Na hewa yetu ya chumvi hula chuma usiku kucha; pangusa patasi kwa mafuta ya cherehani kabla ya kufunga kazi.

Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Usitie majivu, kahawa wala vumbi la mbao. Kidole kikifa ganzi au kikikataa kukunjika, huenda mshipa wa fahamu au kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uulizie sindano ya pepopunda.

Kunoa patasi moja hapa kwetu ni shilingi 100, bobari, ile patasi yenye makali yaliyopinda, ni 150 kwa sababu ya ule mviringo wake. Mliokwisha kununua glavu kwangu, duru ya kwanza ya kunoa ni bure. Niliwauzia nusu ya kinga, na nusu iliyobaki mnanidai, mje mwichukue. Njoo na patasi zote, hata ile unayofungulia kopo la vanishi. Ukipenda kujifunza kunoa mwenyewe, Jumamosi baada ya alasiri kinoo kiko nje barazani, na yule kijana wa Magongo ameshaahidi kuja bandeji ikitoka.