Kojeti haitaki maji, inataka moto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mboga inayojaa vibandani hapa Nakuru na ambayo wengi wetu bado tunaipika visivyo. Ni kojeti, ile ambayo mapishi mengine huiandika zukini. Lawama dhidi yake ni zilezile, uwe kwa mama mboga wa hapa mjini au Kibuye kule Kisumu: haina ladha, hulegea ikawa uji, ni chakula cha hotelini kisichokwenda na ugali. Mboga yenyewe haina kosa. Inaharibiwa jikoni na mambo matatu: maji ya kuongezwa, chumvi ya mapema na kifuniko cha sufuria.

Katika kila gramu 100 za kojeti mbichi, takribani 95 ni maji. Kwa hivyo anayekata nusu kilo na kuitia sufuriani ameshatia karibu nusu lita ya maji kabla hajafungua mfereji. Akiongeza kikombe kingine, akafunika na kupunguza moto kama apikavyo maharagwe, atapata kilekile anacholalamikia. Ladha ya kojeti huja inapogeuka rangi ya kahawia, na rangi hiyo haiji mpaka uso wa kipande ukauke na kupita joto la maji yanayochemka. Hapa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Kipande kinachoogelea hakiwezi kupanda zaidi ya hapo. Kitaiva, kitalainika, kitavunjika, lakini hakitapata rangi wala harufu.

Kazi huanza sokoni. Nunua zisizofika shubiri moja, za sentimita 12 hadi 18, ngumu mkononi, ganda lenye kung'aa na kikonyo ambacho hakijanyauka. Bonyeza ukucha kidogo. Ganda la kojeti changa hukwaruzika bila kushindana. Ile kubwa kama chupa ya soda ya lita mbili huonekana rahisi kwa bei, lakini ndani ina sponji na mbegu ngumu. Ina matumizi yake, nitayataja, ila si ya kukaanga. Ukifika nyumbani usizioshe mpaka saa ya kupika, maana unyevu kwenye ganda huanzisha uozo. Kwenye friji ziweke droo ya chini, zitakaa siku nne au tano. Sehemu ya juu karibu na barafu huziumiza: hutoka vishimo vishimo na kulegea. Asiye na friji azitandaze mahali penye kivuli na hewa, azipike ndani ya siku mbili tatu, na kwa joto la Kisumu asingoje hiyo ya tatu.

Sasa upishi wa msingi, ambao ukiushika mengine yote ni marahisi. Kwa watu wanne, chukua nusu kilo, ambazo kwa kawaida ni kojeti tatu. Zioshe, zifute kwa kitambaa mpaka zikauke, kata ncha zote mbili lakini usimenye, kwa kuwa ganda ndilo linaloshikilia kipande kisisambaratike. Onja ncha ndogo ya kila moja ikiwa mbichi. Sababu ya kuonja ni nzito na nitaieleza mbele. Zipasue katikati kwa urefu, kisha uzikate nusu mwezi za unene wa sentimita moja. Wengi hukata nyembamba kama karoti za saladi, wakidhani zitaiva haraka. Ni kweli zitaiva haraka, lakini zitavunjika kabla ya kupata rangi.

Weka karai au sufuria pana kwenye moto mkali. Tone la maji likidondoka na kurukaruka, mimina kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na utie nusu tu ya vipande, kila kimoja kiguse chuma. Halafu acha. Dakika mbili usikoroge, usitikise. Mkono wa mpishi huwasha hapa, na ndipo mambo mengi huharibika, kwa sababu kila ukikoroga unaondoa kipande kwenye joto kabla uso haujakauka. Geuza, ngoja dakika moja na nusu, toa uweke kwenye sahani, kisha ufanye hivyo kwa nusu iliyobaki ukiongeza kijiko cha chai cha mafuta. Anayerundika zote kwa pamoja hupoza karai, mvuke wa vipande vya chini hunasa kwenye vya juu, na baada ya dakika tatu ana mchuzi ambao hakuupanga.

Kwa wanaotumia jiko la makaa, subiri makaa yawe mekundu yote na mlango wa chini uwe wazi. Kojeti ndiyo ipikwe kwanza, moto ukiwa juu. Ugali au wali unaweza kufuata. Kinyume chake, kojeti ikiachiwa makaa yaliyochoka baada ya ugali, itachemka tu.

Kwenye karai hilohilo kaanga kitunguu kimoja kikubwa, kisha punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, kisha nyanya mbili zilizokatwa ndogo. Nyanya zipikwe zenyewe dakika sita hadi nane, mpaka maji yake yaishe na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo ndipo kojeti hurudi, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Changanya kwa dakika moja, nyunyiza dania, kamulia nusu ndimu, epua. Katikati ya kipande pawe bado pana ukinzani kidogo kwenye jino, kwa sababu joto lililomo litaendelea kuipika hata baada ya kuiepua. Chumvi inakuja mwisho kwa sababu huvuta maji kutoka kwenye mboga. Ukiitia mwanzoni inafanya kazi hiyo palepale karaini. Na usifunike hata chakula kikishaiva, ikiwa unataka kikae vile ulivyokipika.

Kiporo chake si kizuri, na ni afadhali kusema hivyo waziwazi. Ikipashwa moto hutoa maji tena. Kikibaki kikombe kimoja, kikatekate upige na mayai matatu asubuhi.

Wenzetu wa magharibi mwa Kenya wana hazina ambayo kojeti inaitaka hasa: mchuzi wa njugu. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya njugu karanga zilizosagwa, zisizo na sukari, katika kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu mpaka mabonge yaishe. Mimina juu ya kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, punguza moto, koroga dakika nane hadi kumi bila kuondoka, kwa maana njugu hushika chini na kuungua upesi. Uache uwe mzito kuliko unavyotaka kuula. Kojeti iliyokaangwa kama nilivyoeleza iingie dakika mbili za mwisho. Italegeza mchuzi kiasi cha kutosha. Anayeichemsha humo ndani tangu mwanzo hupata njugu nyepesi kama maziwa. Omena iliyooshwa kwa maji moto na kukaangwa mpaka ikauke hukaa vizuri juu ya sahani hii, ikinyunyizwa mezani, si kuchemshwa pamoja.

Chapati za maji ndizo njia rahisi zaidi ya kuwalisha watoto wasiotaka mboga. Paruza gramu 250 za kojeti kwa greta ya karoti, pamoja na ganda. Changanya na vikombe viwili vya unga wa ngano, yai moja, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kikombe kimoja tu cha maji. Mchanganyiko utaonekana mzito mno. Vumilia, uuache dakika 15. Chumvi itavuta maji ya kojeti na rojo litalegea lenyewe. Baada ya hapo ndipo uongeze maji kidogo kidogo mpaka litiririke polepole kutoka kwenye upawa. Anayeongeza maji mapema huishia kuongeza unga, kisha chumvi, kisha maji tena. Pika kwenye kikaangio kilichopakwa mafuta, moto wa wastani, dakika mbili hadi tatu upande wa kwanza mpaka juu pakauke, na dakika moja na nusu upande wa pili. Ikiraruka wakati wa kugeuza, ama hukungoja pakauke juu, ama nyuzi za kojeti ni ndefu. Zikate kwa kisu kabla ya kuchanganya.

Zile kubwa zilizokomaa zimenye, zipasue, kwangua mbegu na sponji kwa kijiko, kata vipande vya sentimita mbili. Zitendee kama mumunye: ziingie kwenye ndengu au maharagwe yaliyokwisha kuiva, dakika 10 hadi 12, na hapo maji yake si adui tena, ni sehemu ya mchuzi. Mkulima wa Bahati au Njoro anayetaka kuepuka kubaki na hizo kubwa avune kila baada ya siku moja au mbili. Kojeti huanza kuvunwa siku 45 hadi 55 baada ya kupanda, na ikiachwa juma moja tu wakati wa mvua huvimba kupita kiasi, tena shina hupunguza kuzaa mpya.

Kuhusu afya, nimesikia maneno mengi yaliyopita kiasi. Kojeti haitibu kisukari wala haiyeyushi mafuta tumboni. Ina kilokalori 17 hivi kwa gramu 100, wanga gramu tatu hivi, vitamini C na potasiamu za kutosha kuhesabika, protini kidogo sana. Sukuma wiki, managu na saga zinaishinda kwa kalisi na vitamini A, kwa hiyo isije ikaziondoa mezani. Faida yake ya kweli ni nyingine. Viazi vina wanga gramu 17 hivi kwa uzito uleule, hivyo mwenye kisukari akiondoa nusu ya viazi kwenye mchuzi na kutia kojeti dakika tano za mwisho, sahani yake inabaki imejaa na sukari inapungua. Dawa zake aendelee nazo. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize kliniki yake kwanza. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula kojeti iliyopikwa kwa mvuke na kupondwa, lakini isiwe peke yake, kwani maji hayamkuzi mtoto. Ichanganywe na parachichi, kiazi au yai lililoiva.

Nilisema uonje kila moja ikiwa mbichi. Kojeti njema ina utamu mdogo au haina ladha kubwa. Ikiwa chungu, chungu cha kukunja uso, iteme na uitupe kojeti nzima. Uchungu huo unatokana na kemikali iitwayo kukabitasini, ambayo mimea ya jamii ya maboga hujilinda nayo dhidi ya wadudu. Upishi hauiondoi, na chumvi, sukari au viungo haviipunguzi sumu. Huleta kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota na kuhara. Mwaka 2015 nchini Ujerumani mzee mmoja alifariki baada ya kula chakula cha kojeti chungu zilizotoka bustanini. Mbegu za dukani ni nadra kuzaa tunda la namna hiyo. Hatari iko zaidi kwa mbegu za kujiwekea: nyuki akileta chavua kutoka kwa maboga ya mapambo au ndugu wengine wa kojeti, tunda la msimu huu halitaonyesha lolote, ila mbegu zake ukizipanda msimu ujao zinaweza kuzaa chungu. Ukame mkali nao huongeza uchungu. Kwa hiyo nunua mbegu mpya kila msimu, na mche wa kojeti uliojiotea kwenye jalala ung'oe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kuhusu safu za mapishi. Tafadhali waombe wanaoziandika wataje uzito wa mboga, unene wa kukata, ukubwa wa moto na dakika. Maneno "pika hadi iive" yanamtosha mtu anayepika malenge. Kwa kojeti, kati ya kuiva na kuharibika kuna dakika mbili, na msomaji anahitaji kuambiwa ni zipi.

Msomaji wako,
Nakuru