Kwa Nini Hatukukandi kwa Nguvu Zote Unazotaka

Hakuna lalamiko tunalolipokea mara nyingi kama hili: mteja amelipa shilingi 50,000 kwa saa moja ya masaji, ameondoka salama, na jioni ya kesho yake anatuandikia kwamba amedhulumiwa, kwa sababu hakusikia maumivu alipokuwa kitandani na asubuhi hakuamka na alama yoyote mwilini. Wa hivi karibuni alituambia wazi kwamba mtaani kwao yupo kijana anayetoza shilingi 10,000 na anayekanda mpaka mtu analia. Hatuna ugomvi na kijana huyo, ila hoja ya kwamba kilio ndicho kipimo cha kazi hatuwezi kuikubali.

Msuli unaobanwa kupita uvumilivu wake hujikaza ili kujikinga. Mkandaji mzoefu huliona jambo hilo kabla mteja hajasema neno, kwa kuwa mteja huzuia pumzi na kukunja vidole vya miguu. Ndiyo maana tunaanza kwa mapito marefu ya kiganja yenye mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kisha tunakamua, na kidole gumba hakiingii kwenye vifundo, yaani sehemu za msuli zilizokaza, vya kati ya shingo na bega mpaka nyama ya juu imelegea. Tunamwomba mteja ataje maumivu yake kuanzia moja hadi kumi, na yakizidi saba tunapunguza nguvu hata kama yeye anasisitiza tuendelee.

Hata hivyo, anayelalamika kwamba alipapaswa tu ana haki yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Miami, akiwamo Tiffany Field, walionyesha kwamba mkandamizo wa wastani hutuliza mapigo ya moyo, lakini mguso mwepesi mno huuamsha mwili badala ya kuutuliza. Mkandaji wetu akikugusa kijuujuu, mwambie papo hapo. Usisubiri ufike nyumbani.

Wanariadha wanaorudi kutoka mbio za Kilimanjaro Marathon kule Moshi hutuomba tuwakande kwa nguvu ili "tuwatoe asidi" miguuni, yaani asidi ya laktiki inayotokea misulini mtu anapokimbia kwa nguvu. Asidi hiyo huondoka yenyewe muda mfupi baada ya mbio, na haitusubiri sisi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa mazoezi, wakawakanda mguu mmoja tu kwa dakika kumi, kisha wakapima vipande vya misuli ya miguu yote miwili. Uliokandwa ulionyesha dalili ndogo zaidi za uvimbe wa ndani, lakini kiasi cha asidi hakikubadilika. Faida ipo, isipokuwa sababu yake si ile inayosimuliwa viwanjani.

Njia ya mkato inayotusumbua zaidi ni kukanyagwa mgongoni. Baba analala kifudifudi sakafuni, mtoto wa miaka tisa au kumi anatembea juu ya pingili zake, kisha baba huyo anapakwa dawa kali ya kuchua mpaka ngozi inawaka. Tuliwahi kuletewa dereva wa lori aliyefanyiwa hivyo siku kadhaa mfululizo. Alipofika kwetu alikuwa akitembea kwa kuinama upande, na mguu wa kushoto umekufa ganzi hadi kwenye unyayo. Hatusemi kwamba kukanyagwa ndiko kulikomletea tatizo, kwa sababu pengine lilikuwapo tangu awali, lakini kulimchelewesha kwenda hospitali, na wiki alizokaa bila kushika usukani zilimgharimu kuliko masaji ya mwaka mzima. Hatukumkanda. Maumivu ya kawaida ya kiuno ambayo hayajafika wiki 12 ni habari nyingine: mwongozo wa madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani wa mwaka 2017 unaitaja masaji miongoni mwa mambo ya kujaribu kabla ya vidonge, ingawa unakiri kwamba ushahidi wake si mzito.

Maswali tunayouliza kabla ya kukanda nayo huwaudhi wengi, kana kwamba tunawaibia dakika zao, ilhali saa yako tunaianza mikono inapokugusa. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliletwa na mumewe ili achuliwe mguu uliovimba. Tulipouliza tukagundua kwamba ni mguu mmoja tu, wenye joto, na unauma nyuma ya goti. Tulikataa kuugusa, na yule bwana aliondoka akinung'unikia nauli. Hospitali walikuta damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge kama hilo likisukumwa kwa vidole laweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu.

Kuhusu akili, mhasibu mmoja hutujia kila Juni, hesabu za mwaka zinapofungwa, naye husinzia kabla hatujamaliza bega la kwanza. Siku moja alikataa kulipa nusu ya bei, akidai kwamba aliyelala hajui kama alikandwa. Alikandwa, na usingizi ule ni sehemu ya huduma. Uchambuzi wa tafiti 37 uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba faida kubwa kuliko zote za masaji ni kupungua kwa wasiwasi wa kudumu na sononeko, na kwamba hupatikana kwa kukandwa mara kadhaa. Kwa hiyo tunapokushauri uje mara nne kwa mwezi badala ya kulipia saa tatu za mfululizo siku moja, hatukuvutii biashara. Mtu mwenye sononeko zito tunamwomba aendelee pia na daktari wake.

Bei yetu inabeba shuka safi kwa kila mteja, mafuta yasiyochanganywa, na mkandaji asiyezidisha watu watano kwa siku, maana vidole gumba vilivyochoka havisikii kifundo. Anayelipia mara nne kwa pamoja hutoa shilingi 180,000. Mwenye homa, mguu mmoja uliovimba, jeraha bichi au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande atupigie simu kabla ya kuja. Tarehe tutaisogeza bila malipo ya ziada.