Barua ya malalamiko: Ondoeni vitu mnavyovipachika kwenye programu za watu

Sinza,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
(Jina la kampuni nimelihifadhi.)

Ndugu Meneja,

YAH: PROGRAMU TUSIZOZIOMBA KUINGIA KWENYE KOMPYUTA ZETU KUPITIA TOVUTI YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari hapa Sinza. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, na msimu wa mikopo ya elimu ya juu ukifika wanafunzi wanajaa kutuma maombi yao mtandaoni kwenye kompyuta zetu.

Tovuti yenu naifahamu tangu enzi za intaneti kafe. Mafundi wa Kariakoo ndiko walikotuelekeza tukitafuta draiva au programu yoyote ya bure, na ukisema umeitoa kwenu hakuna aliyekuuliza mara mbili. Kwa hiyo kijana wangu wa kazi alipohitaji programu ya bure ya kuhariri picha, alikuja kwenu bila wasiwasi.

Kile kitufe kikubwa cha kijani hakikumletea programu. Kilimletea kifaili kidogo cha kwenu wenyewe, nacho kikaanza kufungua madirisha mfululizo. Dirisha la kwanza lina nembo ya programu tuliyoitaka. La pili linafanana nalo kwa kila kitu, kitufe cha kukubali kiko palepale, ila chini kuna maandishi madogo ya kijivu yanayosema umekubali kuwekewa upau wa kutafutia. La tatu ni la programu inayojiita kisafishaji cha kompyuta. Visanduku vyote vimeshatiwa tiki. Ukitaka kuviona na kuviondoa lazima uchague njia mliyoiandika kuwa ni ya wataalamu. Hiyo mnayoipendekeza kwa kila mtu inaingiza vyote kimyakimya. Nimerudia zoezi hili mwenyewe kwenye kompyuta nyingine, dirisha kwa dirisha, na picha za skrini nimeziambatanisha.

Ukurasa wa mwanzo wa kivinjari ulibadilika, na injini ya kutafutia pia. Kisafishaji kikawa kinadai kompyuta ina mamia ya hitilafu, tulipie ndipo kizitengeneze. Bando la ofisi likawa halifiki jioni. Lakini lililoniuma hasa ni la mwanafunzi mmoja aliyekuja kuomba mkopo. Aliandika jina la Bodi ya Mikopo kwenye sehemu ya kutafutia, juu yakatokea matangazo matupu, akabofya la kwanza. Ukurasa ukamtaka namba ya simu na namba ya NIDA. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamzuia mkono. Nisingekuwepo, angejaza.

Programu ile si mali yenu. Walioiandika wameitoa bure ili mtu yeyote aitumie, ninyi mnaifungasha upya na kulipwa na wenye matangazo kwa kila kompyuta mnayoiingiza. Ni sawa na dalali anayekuonyesha chumba kizuri, ukifungua mlango unakuta ameshaingiza wapangaji wake.

Na hamwezi kusema hamkujua kwamba watu wanalikataa jambo hili. Download.com, tovuti ya kupakulia programu kama yenu, walipoanza kufungasha programu za wengine hivi mwaka 2011, Gordon Lyon, aliyetengeneza Nmap, programu ya bure ya kukagua mitandao, alipinga hadharani. Waandishi wa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, waliiacha SourceForge, tovuti nyingine ya kupakulia programu, mwaka 2013 kwa sababu ya vitufe vya udanganyifu na kifungashio cha aina hiihii. Mwaka 2015 SourceForge wakaonekana wakiigawa GIMP ya Windows wakiwa wameipachikia ofa za watu wengine, kelele zikawa kubwa. Mwaka 2016 wamiliki wapya waliifuta biashara hiyo mara tu walipoinunua tovuti. Kwa hiyo inawezekana kuacha.

Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya taarifa za mtu anapaswa kumjulisha anazikusanya kwa ajili gani. Tiki mliyoiweka ninyi kabla mimi sijafika mbele ya skrini siihesabu kuwa ridhaa yangu, wala ya wateja wangu.

Naomba yafuatayo. Ondoeni kifungashio hicho, mtu akibofya apate faili lilelile lililotolewa na wenye programu, pamoja na kiungo cha tovuti yao. Nielezeni kwa maandishi ni taarifa gani zilizotoka kwenye kompyuta zangu na zilipelekwa kwa nani, kisha zifutwe. Pia nirudishieni gharama ya fundi, maana upau ule kila tulipoufuta ulirudi kompyuta ikiwashwa, na ilibidi Windows ipigwe upya. Risiti yake nimeiambatanisha.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Tume ya Ushindani, pamoja na kifaili chenu chenyewe, ambacho nimekihifadhi kwenye flashi.

Wako,

Mmiliki wa steshenari, Sinza