Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru nawe kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kwetu. Tumesikia kwamba ukitoa neno unalitimiza, na jina lako lilipotajwa kikaoni hakuna aliyelipinga.

Klabu ilianza na wanachama 9 chini ya mwembe, leo tuko 41. Tumepanda miti kuzunguka uwanja, na tumefanya utafiti mkubwa wa jua ambao hatujasikia shule ya jirani iliyoufanya. Tulisimamisha nguzo ya mita 2 karibu na bendera, tukawa tunapima kivuli chake jua linapofika juu kabisa. Desemba 21 jua lilikuwa kusini kwetu, kivuli kikalalia upande wa Mlima, sentimita 73. Juni 21 kikageuka kuelekea tambarare, kikafika mita 1. Siku zote mbili zilikuwa za likizo, wanachama wakaja kwa miguu kutoka Pasua na Njoro. Na tarehe 1 mwezi huu wa Oktoba, saa 6 na dakika 20 mchana, kivuli kiliingia chini ya nguzo kikatoweka. Kidato cha kwanza walishangilia hadi mwalimu wa zamu akatoka ofisini. Moshi iko nyuzi 3 na theluthi moja kusini mwa Ikweta, hivyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka. Litarudi karibu tarehe 12 Machi.

Mheshimiwa, kivuli kinaonyesha kwamba jua linahama. Kwa nini linahama, hapo tunahitaji tufe, au globu kama tunavyoiita darasani.

Shule nzima ina tufe moja. Lilianguka lilipokuwa likihamishwa kutoka ofisi ya walimu, stendi ikavunjika, na sasa linaning'inia kwa kamba ya manila kwenye boriti. Afrika imechubuka kuanzia Kongo hadi huku kwetu. Hilo tungelivumilia. Tatizo ni kwamba linaning'inia wima, na dunia haiko wima. Mhimili wake umeinama nyuzi 23 na nusu, na unaelekea upande uleule muda wote dunia inapolizunguka jua kwa siku 365 na saa 6 hivi. Ndiyo maana Juni kaskazini hulielekea jua, na Desemba ni zamu ya kusini. Tufe lililo wima linafundisha usiku na mchana, basi. Ukilizungushia taa, jua hubaki juu ya Ikweta mwaka mzima na majira hayaonekani kabisa.

Mwanafunzi asipoona, hujitungia sababu. Katika jaribio la muhula uliopita wengi wetu tuliandika kwamba Ulaya kuna baridi Januari kwa sababu dunia iko mbali na jua. Kumbe mwanzoni mwa Januari ndipo iko karibu zaidi, kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai ndipo iko mbali zaidi, milioni 152. Alama zikaenda. Mwalimu wetu anajitahidi sana: huchomeka njiti ya fagio kwenye chungwa, akaliinamisha kwa mkono na kulizungusha kwenye mshumaa. Wanaokaa dawati la nne wanaona mgongo wa mwalimu.

Nasi ni watoto wa wakulima. Jua likiwa utosini ardhi hupata joto, hewa hupanda, pepo za kaskazini na kusini hukutana, na ukanda huo wa mvua hulifuata jua ukichelewa wiki kadhaa. Jua la Machi hutuletea masika, la Oktoba hutuletea vuli. Mtoto anayepalilia mahindi kila mwaka anastahili kuliona jambo hili kwa macho yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi hili si geni. Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi matufe 10 kabla ya masika, tukampigia makofi na kumvika shada. Wa mwaka jana alitueleza kwamba suala liko kwenye mchakato. Katibu wetu ameandika barua tatu na nakala zote ziko kwenye faili hili. Kwa imani ileile tulichangishana shilingi 500 kila mmoja tukatengeneza kabati la rafu 10. Lina kufuli, na ni tupu. Hatumlaumu mtu, viongozi mna majukumu mengi. Ila waliosikia ahadi ile wakiwa kidato cha pili wanaingia mtihani wa taifa mwezi ujao, na hawajawahi kushika tufe.

Tunaomba matufe 10 yenye mhimili ulioinama. Yakishindikana, hata 4, moja kwa kila kidato. Na kwa heshima zote tunaomba utakaposimama kutujibu ututajie tarehe, katibu aiandike kwenye ubao huo ulio nyuma yako. Tarehe 12 Machi tutakuwa kwenye nguzo tukisubiri kivuli kitoweke tena. Tungefurahi mno kama matufe yatakuwa yamefika, na wewe mwenyewe ukawepo.

Tunaomba kuwasilisha.