Majilio yaanze kwa kulipa haki za watu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe Wakristo wenzangu wa Mombasa jambo ambalo naona linatuponyoka kila mwaka. Majilio, ambayo Dominika yake ya kwanza huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3, ni kipindi cha toba na matarajio, Dominika nne za kuingojea Noeli. Ndiyo maana sisi Wakatoliki tunamwona padri amevaa zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa za Dominika hizo nne. Lakini hapa mjini, kaskazi ikishaanza kuvuma na shule zikafungwa, maduka huwa yamekwisha kupiga nyimbo za Noeli, wageni wanamiminika kutoka bara, na sisi tunahesabu nguo, mchele wa pilau na nauli kwa makini kuliko tunavyohesabu dhambi zetu.

Sina ugomvi na sherehe. Kinachonisikitisha ni kuona kwamba hata wale wanaojitayarisha huishia kwenye novena, yaani sala za siku tisa, mazoezi ya kwaya na mapambo ya kanisa, ilhali Yohane Mbatizaji, ambaye ndiye mhubiri mkuu wa kipindi hiki, aliulizwa waziwazi na makutano, "Tufanye nini basi?", naye akawajibu kwa mambo ya kazi na mfuko. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu wala wasishitaki kwa uongo, tena watoshewe na mishahara yao. Maneno hayo yamo katika Luka sura ya 3, na katika Mwaka C, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa, husomwa Dominika ya Tatu, ile ya furaha.

Majibu hayo yanatuhusu moja kwa moja. Mkristo mwenye matatu anayepandisha nauli kwa sababu tu ni Desemba na abiria hawana njia nyingine, ameshajibiwa. Afisa anayengoja "kitu kidogo" ndipo asukume faili, ameshajibiwa pia.

Nichukue mfano mmoja wa mtaani. Mama anayeuza mbaazi na mahamri alfajiri huwa na daftari dogo, kurasa zimelowa mafuta, ambamo ameandika majina ya wateja wake wa mkopo: huyu shilingi hamsini, yule mia mbili, mwingine ametoweka na sasa hupitia kichochoro cha nyuma asionekane. Mara nyingi mama huyo ni Mwislamu, na wadeni wake baadhi ni watu wa jumuiya ndogondogo za Kikristo tunaokutana nao kwenye sala. Atausadikije wema wa sikukuu yetu akituona tukinunua makreti ya soda na deni lake halijalipwa? Na dada wa kazi ambaye hajaona mshahara wa Oktoba, atakwenda kwao na nini? Bwana mwenyewe alisema, katika Mathayo sura ya 5, kwamba ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye.

Kwa hiyo ninaziomba jumuiya zetu zitenge jioni moja mapema, kabla ya Desemba 17 ambapo masomo ya liturujia huanza kuelekea kuzaliwa kwenyewe, kila mmoja ajiulize anadaiwa na nani, amekosana na nani, kisha aende. Na mapadri wetu nawaomba kwa heshima watangaze saa za kitubio tangu wiki ya kwanza, zikiwemo za usiku, kwa kuwa wafanyakazi wa bandarini na wa hoteli za pwani hutoka kazini kwa zamu, na foleni ya Desemba 24 huwa ndefu mno kwa mtu kuungama kwa utulivu.

Msomaji wako,
Changamwe, Mombasa