Siri haikuwa yangu, nami nimeitoa

Dada Mshauri,

Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo, wewe na wote wanaosoma pamoja nawe. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, nina miaka 44. Nashona sare za shule, na msimu wa harusi ukifika nashona vitenge mpaka usiku. Ninaishi na binti wa kaka yangu. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Jina lake silitaji. Nimeshamtaja vya kutosha, na ndiyo sababu nakuandikia.

Miaka miwili iliyopita, kijijini upande wa Bahi, binti huyu alibakwa na mwanamume tuliyekuwa tukila naye sahani moja. Mama yake alipoambiwa alichanganyikiwa: akachemsha maji, akamwogesha mwanawe, akafua zile nguo na kuzianika. Wazee wakakaa kikao. Yakaanza mazungumzo ya ng'ombe. Mimi nilipigiwa simu siku ya nne, tena si kwa kuombwa msaada, nilitakiwa nichangie nauli ya mzee mmoja aje kwenye kikao. Nikapanda basi, nikamchukua mtoto, tukaenda polisi.

Siku ya nne, Dada. Hospitali nesi alitueleza kwa upole kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutumika ndani ya saa 72, na sisi tulikuwa tumeshazipita. Alipimwa siku ile, akapimwa tena baada ya miezi mitatu, yu salama, namshukuru Mungu. Zile nguo nazo nilikuja kuambiwa hazikutakiwa kuguswa na maji kabisa. Nayaandika haya kwa kuwa huenda yupo mama anayeisoma barua hii naye yuko siku ya kwanza.

Kesi sitaieleza sana. Tulipokelewa Dawati la Jinsia na Watoto, tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, tukazungushwa, tukarudishwa, tarehe zikaahirishwa. Mtoto alitoa ushahidi wake faragha, watu wakiwa wametolewa nje. Mwanamume yule alifungwa miaka 30. Nusu ya ukoo hawanisalimii hadi leo, na nusu iliyobaki walinipigia simu kunipongeza kwamba haki imepatikana. Nami nikaamini tumemaliza.

Alipohamia kwangu alikuwa analala taa ikiwaka na kiti amekiegesha mlangoni. Pikipiki ikizimwa nje ya nyumba, anaacha alichoshika na kusimama. Kuna siku alikuwa anaoga mara tatu, na maji ya kwetu unayajua, yanakuja siku yanapotaka. Sikumsema. Mshauri nasaha wa hospitali, mama mtu mzima aliyekuwa anamwona kila wiki, alinikalisha pembeni akaniambia: usimguse kabla hujamuuliza, hata kama ni kumkumbatia. Mwachie achague, hata vitu vidogo, leo ni mlenda au maharage, mlango ufungwe au uachwe wazi, kwa sababu mtu yule alimpora kuchagua. Na usimwombe akusimulie. Mtoto huyu alikuwa ameshaisimulia habari yake mara nne kwa lazima: kwa mama yake, kwa polisi, kwa daktari, na mahakamani. Kwangu hajawahi kusimulia, nami sikuwahi kuuliza. Hilo nilikuwa najivunia.

Akaanza kurudi, taratibu. Nilimfundisha kutia vifungo na kukunja pindo, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Siku moja nilikata kitambaa cha mteja nikajikuta nimetoa suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Binti alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Sijawahi kufurahia hasara namna ile.

Sasa ndipo nilipoharibu.

Nina kikoba, wanawake kumi na tisa, tunakutana Jumamosi. Miezi miwili iliyopita, baada ya kununua hisa, mwenzetu mmoja alisema mtoto wa jirani yake amefanyiwa ukatili na familia inataka kuyamaliza nyumbani. Wengine wakaitikia kwamba ndiyo vizuri, kuliko kumwaibisha mtoto. Nikapanda hasira. Nikasimama, nikasema hapana, mimi nimepita huko. Nikaeleza yote, tangu maji ya moto hadi hukumu. Sikutaja jina, lakini nani asiyejua ninaishi na nani? Wanawake walilia. Walinishika mikono, wakaniita jasiri. Na yule mtoto wa jirani kweli alipelekwa polisi Jumatatu yake. Hilo silijutii, na ndilo linalonichanganya.

Mmoja wetu ana binti anayesoma shule moja na wa kwangu. Wiki mbili hazikuisha. Wa kwangu aliambiwa habari yake mbele ya wenzake, kwenye foleni ya chakula. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa upande wa pili wa cherehani. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Shangazi, wewe ulipata nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Ile mara ya tano niliisimulia mimi, na mimi hakuna hakimu aliyeniita.

Tangu siku ile naamkiwa "Shikamoo shangazi" asubuhi, na "Usiku mwema" jioni. Kiti kimerudi mlangoni. Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, akaniinua haraka, akasema, "Nimekusamehe, shangazi." Unajua mtoto wa Kigogo aliyelelewa vizuri, hawezi kumwacha mtu mzima amepiga magoti. Ule ulikuwa ni adabu, haukuwa msamaha. Kwenye ushauri nasaha hataki kwenda tena. Yule mama tuliyemzoea alihamishiwa mkoa mwingine, na huyu mpya ni kijana, mpole tu, lakini binti anasema, "Na yeye ana marafiki." Nilimwandikia namba 116 ya simu ya bure kwa watoto kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika ukutani juu ya cherehani. Siku ya tatu karatasi haikuwepo.

Kila mtu ana dawa yake. Bibi yake anataka arudi kijijini "akapumzike", yaani akapumzike mita mia mbili kutoka kwa mke wa mfungwa. Mchungaji alipendekeza aombewe mbele ya kanisa, nilimshukuru nikaondoka. Mume wangu anasema tumhamishe shule, na kweli mwakani ana mtihani wa kidato cha nne. Lakini naogopa nikimhamisha nitakuwa nimemwambia kwamba yeye ndiye mwenye aibu ya kukimbia, na nisipomhamisha namwacha kwenye foleni ile ile kila mchana.

Naomba ushauri, Dada. Je, niwakusanye wale wanawake nikawaambie wanyamaze, au nikifanya hivyo nitakuwa nimeifungua habari upya? Binti yule wa shuleni, niende kwa mama yake, kwa mwalimu wa malezi, au niache? Na mtu aliyevunjiwa siri na yule aliyemwokoa, anajengewaje imani tena? Najua kumpa muda. Muda nampa. Nauliza nifanye nini ndani ya huo muda, maana tunaishi vyumba viwili na tunatumia cherehani moja.

Utaniuliza, na barua hii je, si mara ya sita? Nilijiuliza hivyo hivyo. Jana usiku nilimwambia nimeandika, sijatuma, na kama hataki naichana. Akasema, "Isome." Nikasoma. Nilipofika kwenye ile karatasi ya 116 aligeukia dirishani. Nilipomaliza alichukua kalamu, akakata mistari miwili ambayo huioni humu, akasema kuhusu suruali niache. Kisha akanirudishia kalamu akaenda kulala.

Shangazi fundi,
Dodoma